Nani Ashike Kibao cha Chumvi

Mkinikuta asubuhi nimeinama mbele ya lundo la chumvi, uso karibu na ardhi, msidhani nimeangusha pete. Natazama kama kuna mkono uliopita. Kazi hiyo nimeifanya tangu nikiwa binti mdogo, na ingawa nimestaafu mara mbili sijaiacha. Sasa miguu inavimba na naambiwa nikae barazani nitulie. Kabla sijatulia nimeona niwaandikie nyinyi mtakaobaki majarubani, kwa sababu mliniuliza swali, nami nikaondoka kikaoni bila kulimaliza.

Swali lenyewe lilikuwa hili: ipi bora, ujamaa au ubepari?

Waliolianzisha ni wawili, wote damu yangu. Rukia ni binti wa mdogo wangu Shomari, ananiita shangazi. Hamadi ni mtoto wa mdogo wangu Zaina, ananiita Mama Mkubwa. Wote wamo kwenye kikundi cha vijana kinachoendesha majaruba yetu ya chumvi, huku nyuma ya mikoko, njia ya kutoka Mlingotini kuelekea Mbegani. Walikuja nyumbani alasiri moja, nimeloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Shikamoo shangazi."

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba. Mkija wawili, tena kwa adabu zote hizi, mna lenu."

Wakacheka. Hamadi akakaa kwenye jamvi, Rukia akabaki amesimama na simu yake mkononi kama mtu anayesubiri gari. Wakaanza na hilo la ujamaa na ubepari, na mimi nikajua mara moja kwamba hawakulitaka kwa ajili ya elimu. Kila mmoja alitaka nimpe kibao.

Niwaeleze kibao, maana wengine mtakaosoma hapa hamjakishika. Chumvi ikishavunwa hulundikwa juu ya tuta, na lundo hukaa nje siku nyingi likichuja yale maji machungu kabla ya kutiwa magunia. Lundo halina mlango wa kufunga. Basi jioni tunalipiga pande zake kwa mgongo wa beleshi mpaka zinalainika kama ukuta uliopigwa lipu. Kisha tunagandamiza kibao cha mti wa mkoko kilichochongwa nakshi, tunaanzia chini tukizunguka, safu juu ya safu, mpaka lundo zima linavaa nakshi kama mtu aliyevaa kanga. Hiyo ndiyo chapa. Ukichota hata kikombe kimoja, chapa inavunjika, na huwezi kuirudisha kama huna kibao. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajagusa beleshi, mwenye kibao analizunguka lundo na kulikagua.

Sasa kulikuwa na mnunuzi wa Dar es Salaam. Alikuwa tayari kukipa kikundi maturubai meusi ya kutandika chini ya majaruba, ili chumvi isiguse tope na itoke nyeupe pe. Bei ya chumvi nyeupe mnaijua. Hakutaka ardhi wala mkataba mrefu. Alitaka jambo moja tu: kibao kishikwe na kijana wake. Rukia alikuwa radhi. Hamadi alisema mnunuzi huyo ni mnyonyaji, na kwamba kibao kikae ofisi ya kijiji, kwenye mikono ya umma. Na kibao kilikuwa chini ya kitanda changu, kimefungwa kwenye kipande cha turubai kuukuu.

"Shangazi, siku hizi kila mtu anatafuta chake," Rukia akasema. "Mwenye mtaji anaweka mtaji, mwenye nguvu anaweka nguvu. Zamani nyie mlikuwa mnaogopa hela."

"Hela yenyewe tulikuwa hatuioni, tuiogopee wapi?"

Hamadi akadakia. "Mnaona? Lakini watu walikuwa sawa, Mama Mkubwa. Hakuna aliyemzidi mwenzake. Nimesikiliza mambo mengi kuhusu enzi zile kwenye simu. Watu walikuwa na utu."

"Tulikuwa sawa, ndiyo," nikamwambia. "Hasa kwenye foleni ya sabuni. Na foleni hiyo hiyo ilikuwa na watu wasiopanga."

Nikawaambia nitajibu kwenye kikao cha kikundi. Ninayowaandikia hapa ndiyo niliyosema siku ile, pamoja na yale niliyokosa nafasi ya kuyasema.

Mama yetu alifariki kwanza, baba akamfuata. Mimi ndiye mkubwa. Nilikuwa darasa la nne na sikuaga mtu shuleni. Siku moja nilikwenda na daftari, siku ya pili nikaenda majarubani na kapu. Shomari na Zaina walikuwa wadogo wa kubembelezwa. Kijiji kilikuwa kijiji cha ujamaa, na majaruba yalikuwa ya wote. Semeni mtakavyo juu ya ujamaa, nyinyi mnaoucheka, ila mjue kwamba mwezi ule wa msiba hakuna aliyekuja kuniuliza nina nini cha kutoa. Fungu letu la unga lilifika mlangoni kama la watu wengine. Nilipougua malaria fungu lilifika. Na kusoma na kuandika kwangu, huku kunakowawezesha kusoma haya, nilikumalizia kwenye kisomo cha watu wazima jioni, mimi mtoto nikiwa nimekaa na wazee wenye ndevu, tukiimba silabi kwa pamoja.

Kwa hiyo sisemi uongo upande huo. Lakini sikilizeni na habari ya yai.

Siku hizi mna kipimo cha kioo cha kujua kama maji yamekolea. Sisi tulitumia yai bichi la kuku. Unalitia kwenye maji ya bwawa la pili, lile la kukolezea. Likizama, maji bado mepesi, yaache jua liyafanyie kazi. Likielea na kuonyesha kichwa, fungulia maji yaingie jarubani. Yai hilo lilinunuliwa na kijiji, kwa hiyo lilikuwa yai la kijiji. Swali likazuka: likishapima, nani alile? Msicheke. Lilijadiliwa kikaoni mpaka adhana ya laasiri. Mmoja akasema apewe mgonjwa. Mwingine akasema lichemshwe na ligawanywe. Mama mmoja mkorofi, Mungu amrehemu, akauliza, "Mnaligawanya kwa wembe au kwa shoka?" Mwisho ikapitishwa kwamba litunzwe ofisini kwa matumizi ya baadaye. Hatukuliona tena. Kila wiki tulikuwa na yai jipya, na karani wa ofisi alikuwa ananawiri.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mfaume, ndiye aliyekuwa mshika kibao. Mtu mkavu, mchache wa maneno, mguu mmoja umeliwa na chumvi mpaka kisigino kimepasuka kama tope la kiangazi. Siku yangu ya kwanza kuvuna nilikwangua kwa nguvu zangu zote, nikitaka aone kwamba yatima huyu anajua kazi. Chumvi niliyoitoa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akaja akasimama.

"Binti, unavuna chumvi au unachimba kisima?"

Akanishika mikono akanionyesha. Jembe la mbao lisiguse sakafu ya jaruba. Liache ukoko mwembamba chini, unene wa ukucha, huo ndio mkeka wa chumvi ya kesho. Mkiyapata hayo maturubai meusi hamtauhitaji ukoko huo, lakini ujuzi wa mkono mwepesi msiupoteze. Turubai nalo linachanika.

Akanifundisha pia kutokwenda jarubani na kidonda, kutofungua lango la maji bamvua, yale maji makubwa ya bahari, linapoanza kupwa, na kutomwamini mtu anayekuja majarubani amevaa viatu vizuri. La mwisho hili nimelithibitisha mara nyingi.

Sasa ndiyo nafika kwenye kibao.

Tulikuwa tumevuna vizuri msimu ule. Lundo lilikuwa jipya, limepigwa chapa jioni. Asubuhi chapa ilikuwa imepasuka upande wa mashariki, karibu na njia ninayopita kwenda nyumbani. Msimamizi wa majaruba, aliyewekwa na kijiji, hakuuliza mengi. Akatazama watu, akanitazama mimi. Nani alikuwa na njaa kuliko wote? Nani alikuwa na wadogo wawili nyumbani na hana baba wa kumtetea? Akasema mbele ya wote kwamba yatima tumebebwa na kijiji na sasa tunakiibia kijiji. Akataka nifukuzwe kazini na fungu letu likatwe.

Sikulia. Nilikuwa nawaza tu wale wadogo watakula nini. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "mali ya umma" kwa sauti ya juu, natazama kwanza nani amesimama peke yake, maana siku ile umma ulikuwa umesimama mbele yangu na hakuna aliyefungua mdomo. Walikuwa majirani zetu. Waliogopa kwamba mtu akinitetea ataonekana mwenzangu.

Mzee Mfaume ndiye aliyesema. "Mnalitazama lundo vibaya."

Akaomba lilundikwe lundo lingine, jipya, mchana kweupe, watu wote wakiona. Likapigwa pande zake, likapigwa chapa. Akamwambia msimamizi akae palepale kwenye kigoda, asitie mguu pengine. Tukakaa. Jua likawaka. Baada ya adhuhuri maji yakaanza kuchuruzika chini ya lundo, lundo likawa linajikalia, linashuka taratibu kama mtu mnene anayekaa kitandani. Na chapa ikapasuka. Ilianza juu, begani, ufa ukashuka. Hakuna mkono uliogusa.

"Ufa wa lundo kujikalia unaanzia juu," Mzee Mfaume akasema. "Mwizi anaanzia chini, maana hataki kuonekana. Ule wa asubuhi ulianzia wapi?"

Ulianzia juu. Kila mtu alikumbuka, sasa kwa kuwa kukumbuka hakukuwa na hatari. Wakaja kunishika mkono. Mama mmoja akaniletea mihogo.

Nyinyi mnadhani hadithi imeishia hapo, na Rukia alidhani hivyo, akaanza kupiga makofi kikaoni. Nikamwambia aweke mikono chini.

Msimamizi alikuwa amekaa kwenye kigoda mchana mzima, na alijifunza yote. Wiki iliyofuata akaitisha kikao. Akasema kwa upole kabisa kwamba tukio la yule binti yatima limetufundisha: chapa inaweza kumponza mtu asiye na kosa. Kwa hiyo, ili haki itendeke, kibao kisikae kwa mtu mmoja, kikae ofisini, chini ya uangalizi wa umma. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana nilidhani napigiwa mimi. Mzee Mfaume akakitoa kibao, akakifuta kwa kanzu yake, akakikabidhi.

Tangu siku ile chapa haikuvunjika tena. Asubuhi ilikuwa nzima, inang'aa, huoni hata ukucha. Na lundo likawa linapungua. Tukiuliza, msimamizi anainua mikono: "Ndugu wanakijiji, chumvi inachuja maji, inajikalia. Si mlishuhudia wenyewe? Muulizeni Mzee Mfaume." Na Mzee Mfaume aseme nini? Ni maneno yake mwenyewe. Ukweli ulioniokoa mimi ndio uliogeuzwa kuwa kinga ya mwizi. Nilipomtazama, alikuwa anatazama kisigino chake.

Hapo kikaoni Rukia akasema, "Si ndiyo hayo tunayoyasema, shangazi? Mali ya wote haina mwenyewe. Ndiyo maana ujamaa ulikufa."

Nikamwambia, "Subiri, na wewe zamu yako inakuja."

Mambo ya vijiji yalipolegea, majaruba yakaenda kwa tajiri. Sina sababu ya kumtaja. Utotoni mwetu neno bepari lilikuwa tusi. Kuku aliyewapokonya wenzake mahindi uani tulimwita bepari na kumfukuza kwa ufagio. Basi bepari mwenyewe akaja, na alikuwa mtu wa kusalimia watu. Alileta mashine ya kuvuta maji, tukaacha kungoja bamvua. Alileta mabuti ya mpira. Alilipa kila Jumamosi, na Jumamosi aliyosema ilikuwa Jumamosi kweli. Niliwasomesha Zaina na Shomari kwa Jumamosi hizo. Sitamkana. Yai alileta lake mwenyewe kutoka nyumbani, akilifunga kwenye leso, na likishapima analirudisha kwenye leso na kuondoka nalo. Angalau tulijua limekwenda wapi.

Kibao alikikuta ofisini, akakichukua pamoja na majaruba. Alimpa mpwa wake. Na chapa ilikuwa nzima kila siku, tena lundo halikupungua hata kidogo. Tukasema, huyu ndiye. Mwenye mali anailinda mali yake.

Tulilipwa kwa lundo, yaani kwa ukubwa wake jioni linapopigwa chapa. Siku moja tajiri akasema, kwa sauti ya mtu wa dini, kwamba ni vizuri kazi iwe na baraka, na kwamba makapu ya mwisho ya siku, chapa ikishapigwa, tuyamwage pembeni yawe lundo la sadaka. Litakwenda kwa mafukara na madrasa. Nani atakataa sadaka? Tulimwaga kwa moyo safi, wengine wakinuia na wazazi wao waliotangulia. Mimi nilimnuia mama yangu.

Mpwa akaanza kupiga chapa mapema. Kwanza alipiga jua likikaribia kuzama. Kisha alasiri. Kisha mara tu baada ya adhuhuri. Lundo la mshahara likawa dogo, lundo la sadaka likawa kubwa, na lori lilipokuja yote mawili yalipanda lori moja. Nilimuuliza mpwa, "Kijana, mafukara hawa wanakaa Dar?" Akanijibu, "Mama, wewe toa, malipo yako yako kwa Mungu." Chapa nzima, wallahi. Hakuna punje iliyoibwa kwenye lundo lenye chapa. Sisi ndio tulikuwa tunaibiwa kando yake.

Hamadi akapiga paja. "Nilisema! Bepari ni bepari!"

"Na yule msimamizi alikuwa nani?" Rukia akamuuliza. "Si ndugu mjamaa?"

"Yule alikuwa mtu mbaya tu. Mfumo haukuwa mbaya."

"Na huyu naye alikuwa mtu mbaya tu. Mfumo haukuwa mbaya."

Banda zima la magunia tulimofanyia kikao likavunjika mbavu, maana wale wawili walikuwa wamesema neno moja na hawakujua. Hawa vijana wana tofauti na sisi, nimeona. Sisi ujamaa tulikutana nao kwanza tumboni, kwenye unga, kisha kwenye nyimbo. Ubepari nao tulikutana nao kwenye mabuti. Wao wamekutana navyo vyote viwili kwenye maneno. Rukia hajawahi kulipwa kwa lundo, na Hamadi hajawahi kupanga foleni ya sabuni. Kila mmoja anakipenda kile ambacho hakikuwahi kumfanyia lolote. Nilitaka kuwaambia hivyo, lakini sikuwahi.

Nilikuwa nimefika pale tajiri alipoondoka. Bei ilianguka, mashine ikaharibika, Jumamosi moja hakuja, na ya pili hakuja. Aliacha mabeleshi yaliyovunjika juu ya tuta, na kibao kikiwa kati yake. Nikakiokota. Tukaendelea wachache wetu, kila mtu na jaruba lake na mabwawa ya pamoja, na mimi nikawa napiga chapa ya malundo yote. Miaka imepita hivyo mpaka vijana walipounda kikundi. Nikasema, kwa kumalizia, kwamba ndiyo maana kibao simpi mnunuzi wala ofisi. Nitampa mtu mmoja mwaminifu nitakayemchagua mwenyewe. Nikakaa chini. Nilitegemea makofi.

Rukia hakupiga. Aliweka simu juu ya gunia.

"Shangazi, nina swali. Nisamehe."

"Uliza."

"Miaka yote hiyo uliyokuwa nacho wewe. Asubuhi ulikuwa unalikagua lundo wewe. Jioni ulikuwa unapiga chapa wewe. Nani alikuwa anakukagua wewe?"

Nikamtazama Hamadi, maana huyo hapitishi neno la Rukia bila kulipinga. Akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Mkubwa, hata mimi nilikuwa najiuliza."

Siku zote hizo sikuchukua punje. Naandika hivyo, na nyinyi mnasoma, na mnaona wenyewe kwamba kuandika hakusaidii kitu. Msimamizi naye angeandika hivyo. Nikasimama, nikajifunga kanga, nikawaambia kwamba nimewalea baba na mama zao, nimeacha shule kwa ajili ya matumbo yao, na leo napimwa kama yai. Nikatoka. Nilisikia nyuma yangu mtu anasema, "Mmemkosea bibi," na mwingine anajibu, "Lakini hajajibu."

Nilikaa nyumbani. Zaina alikuja kuwaombea radhi, nikamjibu kwa mkato. Nilikuwa natoa kibao chini ya kitanda, nakitazama, nakirudisha. Kimeliwa pembeni, nakshi zimelainika kwa mikono ya watu: ya Mzee Mfaume, ya yule msimamizi, ya yule mpwa, na yangu. Nilikuwa nakikasirikia kibao kwa sababu sikuweza kumkasirikia Rukia. Maana ndivyo nilivyopaswa kusimama mimi, siku ile tulipopiga makofi kwa kuwa kibao kinakwenda ofisini. Mtu mmoja tu angeuliza swali lile la Rukia. Hakuna aliyeuliza. Tulikuwa na adabu mno.

Basi nikakichukua mwenyewe mpaka kwa fundi seremala, kule mjini Bagamoyo. Nikamwambia akikate katikati.

"Bibi, hiki ni kitu cha zamani. Wazungu wanaweza kukinunua."

"Kata."

Nilikishika upande mmoja, yeye akakata. Mkoko mgumu, msumeno ulilia muda mrefu. Fundi akavitia vipini viwili. Nakshi sasa haitimii mpaka nusu zote mbili zigandamizwe pamoja, ubavu kwa ubavu.

Nusu moja nimempa Rukia, nusu nyingine nimempa Hamadi. Watu waliniuliza kwa nini nisitafute wawili wanaoelewana. Nikawaambia wanaoelewana ndio sikuwataka. Hao wawili hawajawahi kukubaliana hata kama chai itiwe tangawizi au isitiwe. Rukia ana hakika Hamadi atapeleka chumvi ofisini kwa jina la umma. Hamadi ana hakika Rukia atamuuzia mnunuzi usiku kwa jina la biashara. Kila mmoja asubuhi anafika mapema ili mwenzake asimtangulie. Kikundi hakijawahi kuanza kazi mapema namna hii.

Mnunuzi wa Dar aliambiwa kwamba maturubai tunayataka na kibao hatutoi. Alisema atafikiri. Bado anafikiri, na chumvi yetu bado inatoka na rangi ya tope kidogo chini, na wapo vijana wanaosema kwamba bibi ametukosesha riziki kwa wasiwasi wake. Inawezekana. Sijui. Huenda alikuwa mtu mwema aliyetaka tu kulinda maturubai yake. Akirudi, mpokeeni vizuri, mpeni maji ya kunywa, mtazameni viatu.

Juzi nikapita majarubani nikawakuta Rukia na Hamadi wamekaa kwenye kivuli cha banda wanakula sahani moja, wanacheka. Wanacheka kweli, Rukia anampiga Hamadi begani. Zaina angefurahi kuona ndugu wanapendana. Mimi nilijiuliza: wakielewana, nani atamkagua nani? Nikapitiliza moja kwa moja mpaka kwenye lundo, nikainama.

Nikaanzia chini. Chapa ilikuwa nzima, na katikati ya kila nakshi ulionekana mstari mwembamba pale nusu mbili zinapokutana. Nikazunguka upande wa pili.

"Shangazi!" Rukia alikuwa amesimama nyuma yangu, vidole bado vina mafuta. "Chapa nzima?"

"Nzima."

"Sasa mbona bado umeinama?"

Nikamwambia ainame naye aone. Alisita kidogo. Kisha akatia simu mfukoni, akapandisha dera lake magotini, akapiga magoti upande wake wa lundo na kuanza kutazama, polepole, kutoka chini kwenda juu, bila kuruka safu.

Hamadi akatufuata, sahani mkononi. "Mnatafuta nini nyie?"

"Wewe," Rukia akasema, na hakuinua kichwa.